Kuuliza Si Ujinga: Mnara wa Vasco da Gama, vigae vya shimoni na kuta za kale za Malindi

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Malindi na vitongoji vyake. Karibu zote zauliza juu ya athari walizotuachia wageni waliotutawala, zile zilizo nje kwenye jua na mvua. Tumechagua sita. Jibu la vigae, yaani vipande vya vyombo vilivyovunjika, ni refu, kwa sababu kosa lake likishafanyika halirudishiki.

Assalaam aleikum wazee wa safu. Mimi ni mwalimu wa historia. Nataka kuwaleta mjini wanafunzi 40 watembee kwa miguu waone alama za Wareno na za Waingereza kwa asubuhi moja. Nianzie wapi, nimalizie wapi, na ni nini kinachoweza kuniharibikia? — Mwalimu, Ganda

Waaleikum salaam, mwalimu. Wengi huanzia Mnara wa Vasco da Gama, ule wenye msalaba juu yake, kwa sababu ndio ulioko kwenye picha. Wewe umalizie huko. Anzia Msikiti wa Juma, saa moja na nusu asubuhi, kwenye makaburi mawili ya nguzo yaliyo kando yake. Yale ni ya Malindi iliyokuwa na sultani wake, biashara yake na manahodha wake kabla Vasco da Gama hajatia nanga hapa Aprili 1498. Mtoto akiyaona kwanza, atakapofika mwisho wa njia ataelewa kwamba ule msalaba ulisimamishwa katika mji wa watu, haukusimamishwa katika ufuo mtupu. Akianza na msalaba, makaburi atayaona kama nyongeza.

Hapo hapo usiliruke jambo zito. Mahali pa msikiti huo palifanywa mnada wa watumwa hadi 1873. Malindi iliyofufuka karne ya 19 chini ya masultani wa Zanzibar ilikuwa mji wa mashamba ya nafaka, na jembe lilishikwa na watumwa. Historia ya kutawaliwa hapa haina mkono mmoja.

Mtafute mwangalizi wa msikiti siku moja kabla, umwombe ruhusa. Wasichana wajitande, wavulana wasivae kaptura, na usichague Ijumaa. Makaburi hayapandwi wala hayaegemewi, hata kwa picha ya darasa.

Kutoka hapo nenda Nyumba ya Nguzo, jumba la mfanyabiashara wa Kihindi la mwishoni mwa karne ya 19 ambalo sasa ni makumbusho. Maliza mambo ya tiketi hapo. Malipo ya Makumbusho ya Taifa siku hizi hupitia eCitizen, na kulipia watoto 40 mlangoni huku mtandao unasuasua ndiko kunakokula asubuhi nzima, basi lipa jana yake. Kisha fuata barabara ya pwani kuelekea kusini hadi kanisa dogo la Wareno, halafu rasi yenye mnara. Mwendo wote haufiki kilomita mbili, lakini ukiwa na vituo utachukua saa tatu.

Kanisani ndipo watu hukwama. Ni chumba kidogo chenye paa la makuti, na watoto 40 hawaingii. Wagawe makundi manne ya watu kumi: kundi moja ndani, la pili lichore ukuta kwa nje, la tatu lisome makaburi uani, la nne lipumzike kivulini, na kila dakika kumi na tano wabadilishane. Kanisa lilikuwepo kabla ya 1542, mwaka ambao padri Francis Xavier alipita hapa akielekea India akamzika baharia mmoja wa chombo chake. Makaburi ya Wazungu yaliyo uani yana miaka iliyoandikwa, na mengi ni ya wakati wa Waingereza. Waambie wanafunzi waipange miaka hiyo kwa mfululizo. Watagundua wenyewe kwamba kati ya Mreno na Mwingereza pana pengo kubwa, nawe utapata nafasi ya kueleza kwa nini: Wareno walipoanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, walihamia Mombasa, na ukoo wa sultani wa Malindi ukaenda nao. Mji ukabaki mahame kwa zaidi ya karne moja.

Mtoto achore kwanza, apige picha baadaye. Kwa vipimo huna haja ya vyombo vya bei. Nyosha kamba ya mita 20 kwenye uwanja wa shule, kila mwanafunzi aitembee mara tatu ahesabu hatua, atafute wastani. Tangu hapo miguu yake ni rula. Kila mmoja na abebe lita moja ya maji, kofia na viatu vya kufunika vidole, maana mwamba wa rasi unakata kama wembe.

Tena kuna maji kupwa na kujaa. Siku za bamvu, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari ya kwetu hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa alasiri. Tofauti yake hupita mita 3. Watoto wakifika rasini saa nne na nusu watakuta mwamba mkavu unawaita washuke, na juu yao kuna paa la jiwe lililoliwa na mawimbi kwa chini. Usiwashushe. Simama juu, mbali na ukingo. Ukitaka maji yawe yamejaa mbele ya mwamba wakati huo, chagua siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu.

Je, ule mnara ndio ule ule alioujenga Vasco da Gama? Babu yetu alituambia ulihamishwa. Na nyufa ninazoziona zitauangusha? — Msomaji, Shella, Malindi

Babu yako alisema kweli. Ule una vitu viwili vya umri tofauti. Msalaba wa juu, wenye ngao ya mfalme wa Ureno, umechongwa kwa jiwe lililotoka Lisbon. Wareno walikuwa wakibeba mawe ya namna hiyo kwenye meli tayari kuyasimamisha popote wanapofika. Da Gama alifika hapa Aprili 1498 akapewa rubani wa kumvusha hadi Calicut, India. Januari 1499, akirudi, alipita tena Malindi, na ndipo alipoomba nguzo isimamishwe iwe alama ya urafiki. Kwa hiyo mwaka 1498 unaotajwa kila mahali ni mwaka wa kufika kwake. Nguzo ya kwanza ilikuwa karibu na jumba la sultani. Watu wa mji, wakiwa Waislamu, hawakuuridhia msalaba huo, ukaondolewa ukahifadhiwa. Baadaye katika karne ya 16 ndipo Wareno walipousimamisha rasini.

Hicho kitu cheupe kilichochongoka chini ya msalaba si cha da Gama. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, yaliyojengwa ili kuushika msalaba usianguke, na mwaka 1873 nahodha wa manowari ya Kiingereza iitwayo Briton aliuongezea nguvu. Jiwe ni la Mreno, ukarabati ni wa Mwingereza, matumbawe na chokaa ni vya pwani yetu.

Juu ya rubani, wengi wamekwisha fundishwa kwamba alikuwa Ahmad ibn Majid, yule bingwa wa elimu ya bahari kutoka Oman. Wanahistoria wengi leo hawakubali. Masimulizi ya Wareno wenyewe yanaelekeza kwa mtu wa Gujarati.

Ama nyufa, zitazame kwa aina. Ufa mwembamba kama unywele ulio kwenye lipu tu huletwa na chumvi. Rasharasha za bahari huingia kwenye chokaa, maji hukauka, chumvi hubaki ikawa chembe ngumu, chembe hukua na kuisukuma lipu nje. Huo hutengenezeka. Ufa wa kuogopa ni ule unaopanuka kuelekea chini na kuendelea ndani ya mwamba wenyewe, kwa sababu hatari kubwa haiko kwenye mnara bali kwenye jiwe linaloubeba. Mawimbi ya kusi hulila kwenye usawa wa maji, sehemu ya juu hubaki imeninginia, kisha siku moja kipande humeguka bila taarifa.

Unaweza kusaidia bila kugusa chochote. Simama pale pale kila mwezi, piga picha ya ufa ukiwa umeweka rula kando yake, andika tarehe, upeleke makumbusho. Picha sita za mahali pamoja humwambia mhandisi kasi ya ufa. Picha moja haimwambii kitu. Na tafadhali, wanaokwangua majina yao kwenye chokaa waambiwe kwamba kila mkwaruzo ni mlango wa chumvi.

Gede ilijengwa na Wareno? Kuna mtembezaji aliwaambia wageni hivyo. — Kijana, Watamu

Hapana. Gede ni mji wa Waswahili, ulianza karne ya 12 na ukaachwa karne ya 17. Kuna kaburi pale lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399, yaani miaka 99 kabla da Gama hajaiona pwani hii. Ajabu ni kwamba Wareno walikaa Malindi, kilomita 16 tu kutoka hapo, na maandishi yao hayautaji mji huo kwa jina hilo. Uchimbaji wa James Kirkman ulioanza 1948 ulitoa kauri za Kichina na shanga za Venezia, na nyumba zikaitwa kwa majina ya vitu vilivyookotwa ndani. Vitu vya kigeni vilifika kwa biashara, kuta ni zetu. UNESCO iliuandika mji huo kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024. Ukienda, chakula kiache garini, kwani kima wa Gede hawaombi.

Tukichimba choo cha shimo nyuma ya nyumba, mwanangu alitoa vigae vyeupe vyenye maua ya buluu, shingo ya chupa nzito na ushanga mmoja. Amekuja kijana anataka kuvinunua. Nimuuzie? Na ni vya zamani gani? — Mama, Mambrui

Usimuuzie, Mama. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa nchini au kuingizwa kabla ya 1895 kuwa mali ya kale, na anayekigundua ana siku 7 za kutoa taarifa kwa Makumbusho ya Taifa. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, tungekuambia vivyo hivyo. Kigae kilichotolewa mahali pake bila kuandikwa ni kama ukurasa uliochanwa kitabuni: maneno yapo, habari imepotea. Nawe unaishi Mambrui, ambako kuna kaburi la nguzo lililopambwa kwa sahani za Kichina, na ambako wachimbaji wa Kenya na China mwaka 2010 walipata sarafu ya mfalme Yongle, aliyetawala China kuanzia 1402 hadi 1424. Shimo lako halichimbwi katika udongo wa kawaida.

Leo simamisha jembe. Pima kwa kamba kutoka usawa wa ardhi hadi pale kila kitu kilipotoka, ikiwa mtoto bado anakumbuka. Andika pia ni upande gani wa shimo, na udongo ulikuwa na rangi gani: mweusi wenye makaa, mwekundu, au mweupe wa mchanga. Vya kina kimoja vitie kwenye mfuko mmoja, vya kina kingine mfuko mwingine, na karatasi ndani iliyoandikwa kwa penseli, maana wino hufutika kwa unyevu. Usivisugue na usivigundishe kwa gundi. Chuma usikioshe kabisa. Ukuta wa shimo ufunike kwa kitambaa, urudishe udongo kidogo mpaka watu wa makumbusho ya Malindi waje.

Sasa umri. Chukua kigae cheupe, weka tone moja la maji kwenye ukingo uliovunjika. Likikaa juu kama lulu, hiyo ni kauri ngumu, na yaelekea ni ya China. Likinyonywa, ni udongo laini, mara nyingi wa Ulaya wa karne ya 19 na kuendelea, lakini huweza pia kuwa wa Uajemi na wa kale zaidi. Halafu tazama ua lenyewe kwa kioo cha kukuzia, au kamera ya simu ukiivuta karibu. Ua la brashi lina mahali rangi ilipotuama ikawa nzito na mahali ilipokonda. Ua la kuchapwa lina vidoto au vistari vya usawa, na mara nyingi utaona mahali karatasi ya chapa ilipoungana vibaya. Maua mekundu, ya kijani na ya zambarau yanayojirudia sawasawa pembezoni mwa bakuli yamegongwa kwa sponji, na bakuli hizo zilijaa pwani mwishoni mwa karne ya 19 na kuendelea. Ukikuta kigae cha kijani kizito chenye mng'ao wa kioo, tulia zaidi: seladoni ya China nyingi iliyofika kwetu ni ya kabla Wareno.

Kwa chupa, fuata mshono kwa kidole. Mshono ukipanda hadi juu ya mdomo, imetoka mashinani, ni ya karne ya 20. Ukiishia shingoni, mdomo ulitengenezwa kwa mkono, kwa kawaida ni ya zamani zaidi.

Lakini uwe na hadhari. Tabaka la udongo haliwezi kuwa la kale kuliko kitu kipya kabisa kilichomo ndani yake. Kauri ya miaka 500 ikilala pamoja na msumari wa mabati, lile ni jaa la wakati wa mabati, na ile kauri huenda ilikuwa sahani ya urithi iliyokaa nyumbani vizazi na vizazi kabla ya kuvunjika. Ndiyo sababu tumekuomba uandike kina kabla hatujakuambia lolote juu ya umri.

Kila anayesema "historia ya ukoloni Malindi" anataja Wareno. Sisi Wagiriama tuko wapi? — Msomaji, Kakoneni

Swali lako ni la haki, na njia tuliyompa mwalimu wa Ganda ina upungufu huo. Aongeze saa moja. Katikati ya mji lipo jengo la zamani la Mkuu wa Wilaya, lililojengwa na kampuni ya Waingereza kabla serikali yao haijaitwaa nchi mwaka 1895. Hapo mjini pia, kwenye bustani, imesimama sanamu ya Mekatilili wa Menza, mama aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza. Viwili hivyo vitazamwe pamoja. Kutoka ofisi kama hizo zilitoka amri za kodi na za kutafuta vibarua. Kutoka kwa mama yule zilitoka kiapo na ngoma ya kifudu vilivyowaunganisha watu kukataa. Alikamatwa Oktoba 1913, akapelekwa Kisii, akatoroka, akarudi. Agosti 1914 Waingereza waliipasua kwa baruti Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama, vita vikazuka, na vilipoisha Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000.

Kaya haitembelewi kama magofu. Ni msitu ulio hai wenye wazee wake. Uende kwa miadi yao, uvue viatu wakikuambia, uvae kaniki wakikupa, usivunje hata kijiti, na simu ikae mfukoni mpaka uruhusiwe. Huko alama ya ukoloni ni uwazi ulioachwa na kilichovunjwa, na bila mzee wa kukuonyesha utaupita bila kujua.

Ukuta wa ua wetu ni wa matumbawe, wa tangu enzi za mababu. Fundi aliupiga lipu ya saruji mwaka juzi, sasa inabanduka na mawe yanatoka nayo. Alikosea vipimo? — Baba, Malindi mjini

Hakukosea vipimo, alikosea dawa. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa kwa kupumua. Saruji haipumui. Maji na chumvi vimekwama nyuma yake, chumvi ikasukuma, na kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko jiwe, kilichokubali kushindwa ni jiwe.

Kwanza ulizia makumbusho kama nyumba yenu imetangazwa rasmi kuwa ya urithi, maana hapo kibali chahitajika kabla ya patasi ya kwanza. Kisha itoe saruji polepole kwa patasi ndogo na nyundo nyepesi, ukianzia palipokwisha kulegea. Pale iliposhika sana iache, using'oe jiwe. Uache ukuta wazi miezi ya kaskazi ukauke, na chumvi inayotoka kama unga mweupe ifagie kwa brashi kavu. Ukiiosha inarudi ndani.

Chokaa iwe imelowekwa shimoni angalau miezi mitatu, na wakati wa kuiloweka funika macho, kwani huchemka na kuruka. Changanya sehemu moja ya chokaa na tatu za mchanga mkali wa nchi kavu. Mchanga wa ufuoni unarudisha chumvi ile ile uliyoifagia. Lowesha ukuta jana yake na tena asubuhi. Piga tabaka lisilozidi milimita 10, lingoje likaze, ndipo upige la pili. Tundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta kwa wiki nzima, uyanyunyizie asubuhi na jioni. Fundi akikuambia apige tabaka moja nene amalize leo, mkatalie: kwa nje litakauka, kwa ndani litabaki bichi, na litapasuka kabla ya mwezi kuisha. Chokaa ya kupaka iwe nyepesi kama maziwa, ipakwe mara nne.